Kapi ya Tatu

Kengele ya mwisho ya shule ilipolia, Kuluthum hakuhitaji kuulizwa anakwenda wapi. Alivuka reli mbio, akapita nyuma ya maghala ya mahindi, akaingia mtaa wa Bondeni huku amejiziba pua kwa mtandio. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya hamsini, kiangazi kilikuwa kirefu, na upepo wa alasiri ulikuwa ukikomba vumbi la magadi kutoka ziwani na kuwamwagia watu wa Nakuru machoni. Wenzake walikimbilia nyumbani wakanywe uji. Yeye alikimbilia motoni.

Baba yake, Mzee Alamin, alikuwa na karakana ndogo ya mabati, na kazi yake ilikuwa kuyeyusha alumini. Alinunua pistoni za malori yaliyokufa na sufuria zilizotoboka, akaziyeyusha katika chungu cha chuma juu ya tanuri la makaa. Kisha alimimina uji huo katika kalibu. Kalibu zake hazikuwa za mchanga wa kuvunjwa kila mara; zilikuwa za chuma kizito, vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa vibanio. Ukimimina, ukangoja kidogo, ukafungua, kitu kilitoka kimekamilika, na cha pili kilifanana na cha kwanza kama mapacha. Alitengeneza mikono ya madebe ya maziwa, na zaidi ya yote kapi za visima, yale magurudumu yenye mfereji ambamo kamba hupita.

"Watu hudhani kazi yangu ni chuma," Mzee Alamin alipenda kusema. "Kazi yangu ni joto."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kalibu ikiwa baridi, alumini huganda kabla ya kufika pembeni. Kalibu ikizidi moto, alumini huing'ang'ania na kutoka na mashimo. Kalibu ikiwa na unyevu hata wa tone moja, alumini hurukia watu usoni, na hiyo si hadithi ya kutishia watoto, kwa maana Mzee Alamin alikuwa na kovu shavuni la kuthibitisha. Kipimajoto hakuwa nacho. Alikuwa na sabuni. Alichukua kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia, akachora mstari mgongoni mwa kalibu iliyokuwa ikipashwa juu ya makaa. Mstari ukibaki mweupe, kalibu bado. Ukigeuka kahawia kama chai ya rangi, mimina. Ukiwa mweusi, iache ipumue.

Kwa miaka miwili, mtu wa kuutazama mstari huo alikuwa Kuluthum. Alikuwa na kigoda chake karibu na tanuri na neno lake moja: "Tayari!" Kabla ya neno hilo baba hakumimina, wala Kosgei, mvukutaji, hakuacha mivukuto yake. Hebu fikiri, mtoto wa miaka kumi na miwili, na wanaume wazima wawili wamesimama wakingoja kinywa chake! Kuluthum alilala na kuamka na fahari hiyo.

Ndipo akaja Samsam.

Samsam alikuwa binti wa marehemu Abdirashid, mdogo wake Mzee Alamin, aliyekufa kwa homa mwaka uliotangulia. Mama yake, Khadijo, alibaki Naivasha na watoto wadogo na cherehani. Samsam, wa miaka kumi na mitatu, aliletwa Nakuru aendelee na masomo kwa baba yake mkubwa. Alikuja na sanduku la bati na zawadi kutoka kwa mama yake: vipande sita vya sabuni ya kuogea, ya njano, yenye kunukia hata nje ya karatasi. Kuluthum alimpokea kwa furaha, akampa nusu ya kitanda na nusu ya kila siri aliyokuwa nayo.

Mambo yangeendelea hivyo kama si matumbwitumbwi. Kuluthum alivimba mashavu, akalazwa siku kumi, na karakana haiwezi kungoja mashavu ya mtu. Samsam akawekwa kwenye kigoda. Kuluthum alipopona na kukimbilia motoni kama kawaida yake, alimkuta mwenzake pale pale, macho kwenye mstari, ametulia.

"Ah, umepona, alhamdulillahi!" baba alisema bila kugeuka. "Njoo utuchambulie hizi pistoni kuukuu."

Pistoni kuukuu! Kuluthum alizichambua siku ile, na kesho yake, na wiki ile yote. Ugeni hauna mwisho siku hizi, alijisemea. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wapi walisema mpe kigoda?

Jambo lililomuuma zaidi lilikuwa kwamba Samsam aliiweza ile kazi. Kuluthum alikuwa na haraka, mara kwa mara alisema "Tayari!" kwa hamu tu ya kuona kalibu ikifunguliwa, na kapi ikatoka na kasoro. Samsam hakuwa na haraka na lolote. "Tangu Samsam akae pale," Mzee Alamin alisema siku moja wakila, "hakuna kapi hata moja iliyorudi chunguni. Hata moja!" Aliyasema haya huku akimmegea Samsam kipande cha nyama. Kuluthum alikitazama kipande kile, akaona ni kikubwa kuliko chake.

Wivu ukimwingia mtu humpa macho mengi, na yote humwonyesha yasiyofaa. Kuluthum alianza kuona kwamba baba alimwita Samsam "mwanangu", na yeye akamwita "wewe Kuluthum". Aliona baba akimwonjesha Samsam kahawa ya tangawizi katika kikombe chake mwenyewe. Akaanza kuuchukia mcheko wa Samsam, namna alivyofunga leso, hata namna alivyomeza maji. Usiku alijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda ili wasigusane.

"Kuluthum, una nini?" mama yake alimuuliza. "Mbona unakula kama unayegombana na sahani?"

"Sina kitu, mama."

Alikuwa nacho. Siku moja, akipasha maji ya kuoga, kipande cha ile sabuni ya Naivasha kilimponyoka, kikaangukia ukingo wa jiko. Papo hapo kikageuka kahawia. Kuluthum alishangaa, akachora mistari miwili juu ya mfuniko wa sufuria uliokuwa jikoni, mmoja kwa sabuni ya kuogea na mwingine kwa sabuni ya mche. Ule wa kwanza ukawa chai ya rangi wakati wa pili ungali mweupe kabisa. Akarudia. Ikawa vile vile. Kichwa cha msichana huyu kilikuwa chepesi, na ingekuwa heri kama siku ile angekipeleka kwenye hesabu za shule.

Jumamosi asubuhi, kabla mtu hajafika karakana, alikata kipande cha sabuni ya kuogea kwa kisu, akakichonga kikafanana na kile cha kazi, akakifunga katika kitambaa kile kile chenye masizi. Kile cha kweli alikificha mfukoni. Hakutaka kumdhuru mtu. Aliwaza hivi: kapi zitatoka na mikunjo, kila mtu ataona, zitarudi chunguni, na hakuna kitakachopotea ila sifa za Samsam.

Saa tatu moto ulikuwa umekolea. Samsam alichora mstari, kisha akanusa vidole vyake. "Sabuni hii leo inanukia," alisema.

"Ni marashi yako," Kuluthum alijibu upesi kutoka kwenye rundo la pistoni. Moshi wa makaa na harufu ya mafuta ya gari vilimeza kila kitu, na Samsam akarudisha macho kwenye mstari.

Mstari uligeuka kahawia mapema mno. Samsam aliutazama mara mbili. "Tayari," alisema, kwa sauti ya mtu asiye na hakika. Mzee Alamin alikwangua takataka juu ya alumini, akashika chungu kwa koleo, akamimina taratibu. Wakangoja. Kalibu ilipofunguliwa, kapi ilitoka na mikunjo ubavuni kama uso wa bibi kizee, na ukingo mmoja ulikuwa haukujaa.

"Ajabu," Mzee Alamin alisema. "Tena."

Ya pili ilikuwa na afadhali kidogo, lakini nayo ilikuwa na mikunjo. Wakati huo mchimba visima, Gachanja, alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Wengi wa Bondeni walimwita Baba Mugure, kwa jina la binti yake wa pekee.

"Fundi, kapi yangu iko tayari?" aliuliza. "Ile ya mbao imepasuka, na ng'ombe ya Bwana inakunywa matope. Leo lazima nishuke."

Aibu ilimpanda Mzee Alamin. "Samsam!" alifoka. "Unatazama mstari au unatazama barabara?"

"Ulikuwa kahawia, Baba Mkubwa. Wallahi ulikuwa kahawia."

"Usiape! Chora tena, na ufumbue macho!"

Machozi yalimlengalenga Samsam. Kuluthum aliinamia pistoni zake. Ndani yake kulikuwa na kitu kitamu, kitamu kama asali ya wizi.

Kapi ya tatu ilitoka laini. Mzee Alamin aliigeuza huku na huku juani, akaipiga tupa kingo zake. Siku nyingine angeigonga kwa nyundo ya mbao na kusikiliza mlio wake mara mbili tatu, tena angeiacha ilale hadi kesho. Lakini mteja alikuwa mlangoni, na tayari alikuwa ameaibika mara mbili mbele yake. Akampa.

"Mungu akubariki, fundi," Gachanja alisema, akaitia kapi katika gunia, akapanda baiskeli yake kuelekea shamba la Mzungu alikokuwa akichimba kisima, njia ya Njoro.

Mzee Alamin alijifuta jasho. "Samsam, pisha. Kuluthum, kaa hapa."

Basi Kuluthum akakaa. Alikaa kama liwali, mgongo umenyooka. Alipoona hakuna anayemtazama, alirudisha sabuni ya kweli kitambaani, akaitia ile nyingine mfukoni. Samsam alichukua ufagio, akaenda kufagia vumbi la magadi mlangoni, uso ameuelekeza nje.

Karibu na adhuhuri Kosgei alianza kuzivunja zile kapi mbili mbovu ili zirudi chunguni. Alikuwa mtu wa Kuresoi, mpole, na alipenda kufundisha. Aliigonga moja kwa nyundo mara moja tu, ikaachana.

"Kuja uone, Kuluthum," alisema. "Alumini inaingia na hapa, sivyo? Halafu inagawanyika. Ingine inazunguka na huku, ingine na huku, zinakuja kukutana hapa nyuma. Kalibu ikiwa moto, wanakutana bado wakiwa maji, wanakuwa kitu moja. Lakini ikiwa baridi, kila mmoja anafika amevaa ngozi. Wanagusana tu. Hawashikani."

Kuluthum aliutazama mvunjiko. Ulikuwa laini, unang'aa, kana kwamba vipande vile viwili havijawahi kuwa kitu kimoja.

"Na ile ya tatu?" aliuliza.

"Ile kalibu ilikuwa imepata joto ya hizi mbili, ndiyo maana nje ilikuwa safi. Ndani, nani anaweza kuona ndani?" Kosgei alipandisha mabega. "Lakini Samsam alisema mstari ulikuwa kahawia. Si tuseme ilikuwa sawa?"

Kuluthum peke yake katika karakana ile alijua ule ukahawia ulikuwa wa nini. Alikuwa amedhani kapi mbovu hujionyesha kwa kila mtu. Sasa aliona kamba, na shimo, na Gachanja anayeimba akifanya kazi, ambaye hakuwahi kumkosea hata siku moja. Utamu wote ulimgeukia shubiri kinywani. Akisema, atakipoteza kigoda milele, na pengine atampoteza baba pia. Asiposema, hakuna atakayejua. Kitu hicho cha mwisho ndicho kilichomtisha zaidi, kwamba hakuna atakayejua.

Mzee Alamin alikuwa uani akitia udhu. Kuluthum alikwenda akasimama mbele yake.

"Baba, sabuni ya asubuhi haikuwa ile ya kazi. Niliibadilisha. Niliweka ya kuogea, inageuka kahawia mapema. Samsam hakukosea."

Maji yaliendelea kumiminika kutoka birikani, yakimwagikia miguuni mwa baba yake. "Kapi zote tatu?"

"Zote tatu."

Mzee Alamin hakufoka. Aliweka birika chini. "Kosgei! Kamba ndefu! Na baiskeli!" Kisha akamwambia binti yake neno moja: "Panda."

Alipogeuka, Kuluthum alimwona Samsam amesimama mlangoni na ufagio. Alikuwa amesikia kila neno.

Waliendesha maili tano. Kuluthum alikaa nyuma, kamba imemlemea mapajani, akisoma kila dua aliyoijua na nyingine alizozitunga mwenyewe. Kila baiskeli ilipopanda mwinuko alitamani kushuka aisukume.

Kisima kilikuwa nyuma ya zizi la ng'ombe. Nguzo tatu zilikuwa zimesimamishwa juu ya shimo, na kapi mpya ilikuwa inang'aa juani. Vibarua wawili walikuwa wameshika kamba. Kando yao alisimama Mugure, msichana wa miaka kumi na mmoja, amelikumbatia koti la baba yake.

"Baba yako yuko wapi?" Mzee Alamin aliuliza akihema.

"Ameshuka," Mugure alisema. "Sasa hivi ametikisa kamba, wanamtoa."

"Msivute! Achilieni kamba pole pole! Msivute!"

Vibarua walishtuka, wakalegeza. Mzee Alamin alipanda juu ya mbao, akaisogelea kapi mpaka pua yake ikakaribia kuigusa. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeikata kutoka ukingoni hadi karibu na tundu la katikati, mahali pale pale Kosgei alipoonyesha.

"Gachanja!" aliita shimoni. "Ondoka juu ya kamba! Kaa hapo chini!"

"Kuna nini?" Sauti ilipanda kutoka mbali, ndogo.

"Kapi ina ufa!"

Mugure alimtazama Mzee Alamin, kisha akamtazama Kuluthum, kana kwamba msichana mwenzake angeweza kumweleza. Kuluthum alitazama chini.

Waliviringisha gogo laini, wakalilaza juu ya mdomo wa kisima, wakaifunga ncha moja ya ile kamba ndefu kwenye mti, wakaiteremsha nyingine shimoni. Bila kapi, mzigo ni mzito mara dufu. Walivuta wote watano, vibarua, Mzee Alamin, Mugure na Kuluthum, visigino vimechimba ardhi. Kamba ilimchubua Kuluthum viganja, na hakuiachia. Iliwachukua muda mrefu mno kabla ya kichwa chenye matope kutokea.

Gachanja alipokuwa ameketi majanini, Mzee Alamin aliigonga ile kapi kwa mpini wa tupa, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Nusu ilianguka kisimani. Walisubiri wote. Ilipita pumzi nzima, na nyingine, ndipo wakasikia chubwi.

Mugure alimfunika baba yake koti, ingawa jua lilikuwa la saa nane.

"Kosa ni la karakana yangu," Mzee Alamin alisema. "Nisamehe. Kesho njoo, utapata nyingine, na utaijaribu mbele yangu."

Kuluthum aliinama akaanza kuikunja kamba.

Walirudi wakitembea, baba akiikokota baiskeli. "Sitakupiga," alisema walipofika barabara kuu. "Kesho utamwambia Gachanja kwa kinywa chako. Lakini nataka kujua kwa nini."

"Ulinisahau," Kuluthum alisema, na hapo kilio kikamtoka. "Nilipona, nikarudi, ukasema nichambue pistoni. Hukuniangalia hata!"

Mzee Alamin alisimamisha baiskeli. "Hilo ni kweli. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, nikadhani mtoto wangu hahitaji kuambiwa neno. Na leo nilitoa kapi bila kuisikiliza, kwa kuona haya mbele ya mteja. Hayo ni makosa yangu, nitayabeba. Lakini kosa langu halikukata sabuni, Kuluthum. Ni mkono wako uliokata. Kama ulikuwa na moto moyoni, ungekuja kwangu mimi."

"Ndiyo, baba."

Samsam walimkuta uani, akichambua mchele pamoja na mama. Mama aliinuka akaingia ndani. Kuluthum alisimama na viganja vyake vilivyochubuka, hajui aviweke wapi.

"Nisamehe, Samsam."

"Ulikuwa umekaa pale pale," Samsam alisema bila kuinua uso, "ukinitazama nikifokewa. Niliapa kwa Mungu, na wewe ulijua nasema kweli."

"Najua. Nisamehe."

"Bado." Samsam alitupa jiwe dogo nje ya ungo. Alitafuta jingine, kisha akasema, "Mimi sikukitaka kigoda chako. Ungeniambia ningeondoka. Ila ukikaa pale, baba yako akigeuza shingo kutazama moto, anafanana na baba yangu."

Kuluthum alikaa chini kando yake. Katika macho yake yote yale mengi, hilo hakuwa ameliona. Alivuta ungo upande wake, wakachambua mchele pamoja mpaka ukaisha.

Jumapili walimimina kapi nyingine. Mzee Alamin aliweka kanuni mpya: mstari uangaliwe na wote wawili, na asimimine mpaka vinywa viwili viseme. Kuluthum alitaka kusema mapema kama desturi yake. Samsam alitikisa kichwa. Wakangoja, mstari ukakolea, wakasema pamoja. Kapi ilipopoa, Mzee Alamin aliigonga na kuisikiliza mara tatu, akaitundika kwenye boriti, akatafuta gunia la vyuma la kuijaribia.

"Nitaning'inia mimi," Kuluthum alisema.

Baba alimtazama, akakubali. Kuluthum alikalia kitanzi, Kosgei na Samsam wakashika upande wa pili wa kamba, wakamwinua mpaka miguu ikawa juu ya vichwa vyao.

"Samsam," Kuluthum aliita kutoka juu, "usiniachie."

"Jana ningekuachia," Samsam alisema. "Leo mikono imechoka kukasirika." Kosgei alicheka hadi kamba ikatikisika, na Kuluthum akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Samsam naye akacheka.

Gachanja alifika na binti yake mchana. Kuluthum alisimama mbele yake. Aliona ni heri kung'olewa jino, lakini alisema yote, sabuni na kapi tatu, hakuacha kitu. Mugure alimkazia macho muda wote.

Gachanja alivua kofia, akaivaa tena. "Na mlikosania nini, nyinyi wawili?"

"Kigoda," Kuluthum alisema. Lilipotoka kinywani, neno lilikuwa dogo sana.

Mzee yule hakucheka, wala hakukasirika. Aliketi juu ya kasha, akawatazama wote kwa zamu, hata Mzee Alamin.

"Sikizeni, watoto wangu. Mimi nikishuka chini, sioni mtu. Maisha yangu iko kwa mikono ya watu siwezi kuona. Yule wa kamba, yule wa kapi, yule wa moto. Wivu kila mtu anapata. Hata mimi nimepata, kwa ajili ya shamba, kwa ajili ya mbuzi. Lakini ukiwa na kinyongo na mwenzako, mwambie yeye usoni, mgombane, muishe. Usiiweke ndani ya kazi. Ukiiweka ndani ya kazi, haimpati yule unamchukia. Inanipata mimi, huko chini, na ningekufa hata sijui mlikuwa mnagombania kitu gani."

Kuluthum alilia waziwazi, na safari hii hakuona haya. Samsam alimshika mkono.

Gachanja aliinuka, akaiteremsha kapi kutoka kwenye boriti, akaipima uzito kiganjani.

"Hii, nani ametazama moto yake?"

"Sisi," wasichana walijibu pamoja. "Sote wawili."

Aliwatazama kwa muda. Kisha akaitia kapi ndani ya gunia.

"Basi kesho nitashuka," alisema.